Je, upepo hubeba sauti? Shajara ya vipimo vya ufukweni Sahare, Tanga

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye laptopu chakavu, vidonge viwili vya maiki (vile vipande vidogo vinavyonasa sauti ndani ya simu) na watoto wenye maswali. Mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko Ngamiani. Jumamosi kibaraza hugeuka darasa: wanakuja vijana sita wa kidato cha pili na cha tatu, mimi nawasaidia fizikia, wao wananisaidia kufagia. Nitakuwa naongeza maandishi kila hatua inapokwisha. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka. Yaliyoharibika nitayaeleza, maana ndiyo yaliyonila pesa.

6 Julai 2024: Ugomvi, na neno lenyewe

Mjomba wangu, mvuvi wa Sahare ambaye sasa amepumzika na bahari, alikuja kuchukua redio yake. Akawakuta vijana wanakariri kasi ya sauti. Akasikiliza, akacheka.

"Alfajiri upepo wa umande ukivuma kutoka bara, adhana ya kule juu naisikia kama muadhini yuko uani kwangu. Kusi ikishika, ule upepo wa kutoka kusini, siambulii kitu. Halafu mwaniambia sauti haibebwi na upepo?"

Binti wa kidato cha tatu akamjibu kwa adabu: "Shikamoo babu. Kitabuni sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde. Upepo haumo."

"Marahaba. Na huyo mwandishi alikuwa amesimama wapi?"

Swali hilo tulilipuuza, na lilikuja kutugharimu wiki tatu. Siku ile nilisema tu: basi tutapima.

Kabla ya kupima ilibidi tukubaliane tunapima nini. Niliwaambia kila mmoja achore wimbi la sauti. Wote sita walichora bahari: mistari inayopanda na kushuka, mmoja akaongeza na ngalawa juu yake. Siwalaumu. Sisi watu wa pwani tukisikia "wimbi" tunaona maji yanayoinuka. Tatizo ni kwamba neno hilo lilitoka baharini likahamia kwenye sauti, na picha ya bahari ikaja nalo.

Nikawapeleka kwa maneno hadi stesheni ya reli. Kila mtoto wa Tanga ameshasikia mabehewa ya mizigo yakipangwa. Kichwa kinarudi nyuma polepole, kinagusa behewa la kwanza, nalo linagonga la pili, la pili la tatu, na kile kishindo kinakimbia ka-ka-ka-ka hadi mkiani. Hakuna behewa lililosafiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila moja limesogea shubiri moja tu na kusimama, ila msukumo umefika mwisho wa treni. Kichwa kikivuta mbele mambo ni yaleyale kwa kinyume: maungio yanatanuka moja baada ya jingine, na mtanuko nao unakimbia.

Sauti hewani ni hivyo. Ngozi ya ngoma inasukuma hewa iliyo jirani, hewa inabanwa. Ngozi inarudi, hewa inatanuka. Mbano na mtanuko vinapokezana na kusonga mbele, wakati hewa yenyewe inatikisika palepale, mbele na nyuma, kwenye njia ileile sauti inakokwenda. Haipandi wala haishuki. Ule mstari wa nyoka tunaouona kwenye kompyuta ni hesabu ya mbano: mstari ukiwa juu hewa imebanwa, ukiwa chini imetanuka. Ni chati, mfano wa chati ya homa hospitalini. Hakuna anayedhani mgonjwa alikuwa anapanda ngazi.

Kijana mmoja akauliza: "Fundi, na ukisema redio haishiki mawimbi?" Hilo nalo lazima lisafishwe, kwa sababu mimi mwenyewe nalisema kutwa. Mawimbi ya redio siyo mawimbi ya sauti. Ya redio ni umeme na sumaku, hayahitaji hewa, na huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Yamebebeshwa taarifa ya sauti kama bahasha ilivyobeba barua. Barua inafunguliwa ndani ya redio, na sauti inazaliwa upya pale karatasi ya spika inapoanza kusukuma hewa. Kabla ya hapo hakuna sauti yoyote, wala ndani ya waya hakuna. Kumbukeni hili la waya, litarudi.

Upande wa pili, kuna mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, na bado yanaitwa hivyo. Sikio la mtu mwenye afya hushika kuanzia mitikisiko kama 20 kwa sekunde hadi 20,000. Hesabu hiyo ya mitikisiko kwa sekunde ndiyo hezi. Popo walao wadudu hupiga kelele juu ya hapo. Mashine za kutafutia samaki nyingi hutumia hezi 50,000 au 200,000. Altrasaundi ya mama mjamzito huenda kwenye mamilioni. Kwa mwanafizikia yote hayo ni sauti, yasikike yasisikike.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Haya. Mabehewa nimeyaelewa. Sasa treni lenyewe likiwa linatembea?"

Ndilo swali la mradi. Kama msukumo unakimbia ndani ya hewa, na hewa nzima inakwenda na upepo, je, tunaweza kuuona upepo ndani ya kasi ya sauti?

13 Julai: Vifaa, na mvumo

Mpango: weka maiki mbili mita 20 mbalimbali kwenye mstari mmoja na upepo. Gonga vibao viwili nyuma ya maiki ya kwanza. Mlio unapita maiki ya kwanza, kisha ya pili. Kompyuta inarekodi, tunasoma muda kati ya miiba miwili kwenye chati. Gawanya mita 20 kwa muda huo.

Vidonge vya maiki nilivitoa kwenye simu mbovu, bure. Waya nilitumia wa simu za mezani uliokuwa umelala stoo miaka. Programu ya kurekodi ni Audacity, ya bure. Jioni ya kwanza tulipata mambo mawili.

La kwanza, mvumo. Chati nzima ilijaa nyoka mnene wa hezi 50, yaani umeme wa nyumba unaoingia kwenye waya usio na ngao, na mwiba wa vibao umezama humo. Nilichomoa chaja nikatumia betri, ukapungua nusu. Dawa yake ilikuwa kununua waya wa maiki, ule wenye wavu wa shaba kuzunguka: mita 25 kwa 1,500 kila moja, 37,500. Ndiyo gharama kubwa ya mradi mzima, na hakuna njia ya mkato. Nilijaribu kuzungushia karatasi ya sigara yenye fedha kwenye waya wa simu. Usijisumbue.

La pili lilinitia aibu kidogo, maana ni kazi yangu. Nilidhani tundu la maiki la laptopu lina mikondo miwili, kushoto na kulia, kila maiki iwe na mkondo wake. Halina. Laptopu nyingi zinapokea mkondo mmoja tu na kuuonyesha mara mbili. Nilipoteza saa mbili nikishangaa kwa nini maiki mbili zilizo mbali zinasikia mlio sekunde ileile. Nilikuwa karibu kununua kadi ya sauti ya nje, yule binti akasema: "Fundi, kwani lazima ziwe chati mbili? Si tuziunge pamoja, tuone miiba miwili kwenye chati moja?"

Ndivyo tulivyofanya. Vidonge viwili sambamba kwenye jeki (plagi) moja, lehemu matone manne, kwisha. Aliokoa hela ya kadi nzima.

Kisha mdogo kuliko wote akauliza kama sauti haichelewi kupita kwenye waya mrefu wa maiki ya mbali. Niliwaambia mlikumbuke hilo la waya. Ndani ya waya hakuna sauti bali umeme, na mita 20 kwa umeme ni muda mdogo mno, kiasi cha sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kompyuta yetu inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani inaipima sauti mara 44,100 kila sekunde. Haiwezi hata kuuona. Ndani ya sampuli moja sauti huenda chini ya sentimita moja, kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa na ukali wa kutosha. Udhaifu ulikuwa mahali pengine kabisa.

20 Julai: Ufukweni, na furaha ya uongo

Bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Saa nne asubuhi maji yamekupwa hadi mbali, mchanga mgumu umelala kama uwanja wa mpira. Hapo ndipo pazuri kwa kazi hii: hakuna ukuta wa kurudisha mwangwi. Ndivyo tulivyodhani.

Dakika 40 za kwanza zilitupwa. Tulijiweka karibu na ngalawa zilizopandishwa, na mafundi wa kalafati, wanaoziba nyufa za vyombo, walikuwa kazini. Kila tukigonga sisi, nao wanagonga. Chati ikawa kama mgongo wa nungunungu. Hata walipotupa nafasi kwa hisani, miiba ilikuwa mitatu badala ya miwili: wa tatu ni mwangwi kutoka ubavuni mwa chombo. Tulisogea hatua mia moja, mwiba wa tatu ukatoweka. Ukiiga, anza kwa kusogea mbali.

Upepo nao ulikuwa unapiga moja kwa moja kwenye vidonge na kutoa mngurumo. Kipande cha sponji ya godoro kwa kila kidonge, kikafungwa kwa mpira wa noti. Makofi ya mikono hayafai, mwanzo wake ni mpana; vibao viwili vya mninga hutoa mwiba mkali.

Umbali tulipima kwa kamba ya nailoni niliyoitia alama kibandani: mita 20 kamili. Tuligonga mara kumi, tukatupa mbili mbovu, nane zikakaribiana sana. Wastani ni sampuli 2,593, yaani sekunde 0.0588.

20 gawanya kwa 0.0588. Mita 340 kwa sekunde.

Vijana waliruka. Kitabu kimesema 340, mchanga wa Sahare umesema 340. Tulinunua madafu. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa.

27 Julai: Makosa mawili yaliyopatana

Binti alikuja na karatasi. Alikuwa amesoma kwamba kasi ya sauti hewani hufuata joto: takriban 331 kwenye nyuzi sifuri, ikiongezeka kama 0.6 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Akapiga hesabu kinyume: 340 ni kasi ya hewa yenye nyuzi 15.

"Fundi, Jumamosi ile kipimajoto kilisema 27. Nyuzi 15 si Tanga. Ni Lushoto usiku."

Kumbe ile 340 ya kitabuni ni ya hewa ya baridi, na Mjomba alikuwa ameshauliza: huyo mwandishi alikuwa amesimama wapi? Kwa joto letu tulipaswa kupata 347 na zaidi. Tungepata 347 tungedhani tumekosea. Tumepata 340, iliyo makosa, tukanunua madafu.

Basi tukaanza kutafuta. Saa ya kompyuta tuliishuku kwanza, kwa sababu ndiyo tusiyoielewa. Tulirekodi mlio wa saa wa redioni kwa dakika kumi, hitilafu haikuonekana. Ikabaki kamba.

Niliazima futi ndefu ya fundi ujenzi, ya mita 50. Kamba ikiwa kavu na imelegea: mita 20. Tukailoweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi, vijana wawili wakaivuta kama walivyoivuta ufukweni: mita 20 na sentimita 21. Nailoni ikilowa na kuvutwa hurefuka, jambo ambalo mvuvi yeyote angeniambia kama ningemuuliza. Mjomba aliposikia alisema tu, "Na mshipi wa kuvulia je, hujui?"

Rekebisha: 20.21 gawanya kwa 0.0588 ni karibu 343.7. Imepanda lakini haijafika 347. Mita tatu na ushee bado hazipo.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha yule kijana mpiga vibao akakumbuka kwamba siku nzima alisimama upande wa kaskazini wa maiki, na kusi ilikuwa inavuma kutoka kusini. Maana yake mlio wetu ulikuwa unakwenda kusini, unapanda upepo. Mara zote kumi.

Kwa hiyo kamba ilitupunguzia na upepo ukatupunguzia, na makosa mawili yakaungana yakatengeneza namba ileile tuliyoitamani. Ningekuwa nimepata 329 ningetafuta kosa siku hiyohiyo. Tangu hapo tumeandika ukutani: *namba ikipendeza, ipime tena.*

Niliwatuliza kwa habari ya Newton. Mwaka 1687 alikokotoa kasi ya sauti kwa hesabu tupu, akapata pungufu kwa kiasi cha asilimia 15. Alidhani hewa inapobanwa na sauti inabaki na joto lilelile. Mfaransa Laplace ndiye aliyeonyesha mwaka 1816 kwamba mbano na mtanuko hupita upesi mno, joto halipati nafasi ya kutoroka, hewa inakuwa ngumu kidogo zaidi na msukumo unakimbia zaidi. Mtu kama Newton, karne nzima na ushee kosa limekaa. Sisi wiki moja.

3 Agosti: Kipimo chenyewe

Bamvua tena. Futi ya fundi ujenzi, siyo kamba. Nyuzi 27, kipimajoto kikiwa kivulini chini ya mwavuli, maana kikiwekwa juani kinapima jua. Kusi ya wastani, mstari wa maiki tumeulaza sambamba na upepo kwa kuangalia utepe uliofungwa kwenye fimbo.

Safari hii hila ni moja: gonga mara kumi upande wa upepo, kisha usiguse maiki, zunguka, gonga mara kumi upande wa pili.

Ukishuka na upepo: wastani wa sampuli 2,500, yaani mita 352.8 kwa sekunde.
Ukipanda upepo: wastani wa sampuli 2,569, yaani 343.3.

Wastani wa pande mbili ni 348. Joto la nyuzi 27 linadai 347 na kitu, na unyevu wa pwani unaongeza mita moja hivi, kwa sababu mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Tumeingia mlemle.

Na nusu ya tofauti ni mita 4.75 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya upepo, tumeipima kwa vibao. Ili kuhakiki, tulipuliza mapovu ya sabuni na kuyafuata kwa saa ya simu kwenye zile mita 20. Yalichukua kati ya sekunde nne na nusu na tano, yaani upepo wa mita 4 na kidogo. Pungufu ya kile vibao vilivyosema. Mapovu yalikuwa yanaelea usawa wa magoti, maiki ziko juu ya vigoda usawa wa kifua. Upepo wa chini ni mvivu kwa sababu unakwaruzana na mchanga. Tuliandika pembeni bila kujua kwamba jambo hili dogo ndilo jibu la adhana.

Hatukuwa wa kwanza. Mchungaji mmoja wa Uingereza, William Derham, mwanzoni mwa karne ya 18 alipima sauti za bunduki kutoka juu ya mnara wa kanisa, akihesabu muda kati ya mwako na mlio, naye aliona upepo ukiongeza na kupunguza. Yeye alihitaji kilomita nyingi kwa sababu saa yake ilihesabu nusu sekunde. Sisi mita 20 zinatosha.

Jioni tulimpelekea Mjomba matokeo. Ndiyo, treni likitembea, kishindo kinatembea nalo. Alifurahi. Nikaharibu furaha kwa hesabu: msikiti ulioko kilomita moja, adhana itamfikia baada ya sekunde 2.87 bila upepo, na 2.83 upepo ukiwa unamjia. Tofauti ni kupepesa jicho, hata haifiki.

"Kwa hiyo," akasema, "mmepima kitu kingine. Mimi sikusema inawahi. Nimesema *naisikia*."

Alikuwa sahihi.

8 Agosti, Nane Nane: Kwa nini inasikika

Sikukuu, vijana wako huru. Tuliweka spika ndogo ya betri juu ya kiti, ikitoa mlio mmoja usiobadilika wa hezi 1,000. Kikundi kimoja kikatembea kushuka na upepo, kingine kupanda. Kila mmoja ainue mkono akipoteza mlio.

Waliopanda upepo walianza kuinua mikono kwenye hatua 150 hivi. Walioshuka nao walifika hatua 400 bado wanasikia, tukawaita warudi. Kupanda upepo kunapunguza kasi ya sauti kwa asilimia moja na ushee tu, lakini mlio umekufa kabisa. Kwa hiyo kasi siyo hoja.

Hoja ni lile la mapovu. Upepo wa juu una kasi kuliko wa chini. Fikiria mtumbwi unaopigwa kasia kwa nguvu upande wa kulia kuliko kushoto: hauendi moja kwa moja, unapinda kuelekea kushoto, upande mvivu. Uso wa wimbi la sauti hupinda vivyo hivyo. Likishuka na upepo, sehemu yake ya juu inasukumwa zaidi, wimbi linainamia chini, linawarudia watu walioko ardhini. Likipanda upepo, sehemu ya juu inazuiwa zaidi, wimbi linainuka na kwenda zake angani, chini kunabaki kivuli. Sauti ipo, inapita juu ya kichwa chako.

Kama hiyo ni kweli, anayepanda juu ataikuta. Tulimwomba mwenye chombo kilichopandishwa mchangani, kwenye upande wa kupanda upepo, kijana akaruhusiwa kupanda sitahani. Chini, karibu na ubavu wa chombo, hasikii. Juu, anasikia, dhaifu lakini ipo. Alishuka, akapanda, akashuka, mara nne, mpaka mwenye chombo akaanza kutuangalia vibaya.

Na alfajiri? Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu. Kwenye hewa ya baridi sauti ni mvivu, kwa hiyo mtumbwi unapinda chini tena, hata bila upepo. Juu ya hapo umande unavuma kutoka bara kwenda baharini, na nyumba ya Mjomba iko upande wa bahari. Vyote viwili vinamletea adhana. Mchana jua linageuza mambo, na kusi inamalizia.

Mjomba anasema alijua. Alikuwa anajua kwamba iko hivyo; sisi tumepata ni kwa vipi. Hatujakubaliana ni nani ameshinda, na sambusa tulizowekeana dau zililiwa na wote.

17 Agosti: Chini ya maji, tumeshindwa

Mjomba ndiye aliyetaka. Anasema enzi zake ukitega sikio kwenye ubavu wa mtumbwi unasikia injini kabla haijaonekana. Kwa maji ya bahari yenye joto kama letu sauti huenda zaidi ya mita 1,500 kwa sekunde. Mwaka 1826 wanasayansi Colladon na Sturm waliipima kwenye Ziwa Geneva kwa kengele iliyozamishwa na mwako wa baruti juu yake, wakapata 1,435 kwenye maji baridi yasiyo na chumvi.

Tulivisha kila kidonge puto, tukafunga kwa uzi, tukasimama kwenye maji ya kiunoni na kugonga mawe mawili chini. Tulitarajia miiba miwili iliyoachana sampuli 580 hivi. Tulipata tope. Maji yalikuwa mafupi mno: mlio uligonga juu, ukagonga mchanga, ukarudi mara nyingi, kila mwiba ukawa kichaka. Tena hewa ndani ya puto ni ukuta kwa sauti inayotoka majini. Sehemu kubwa inarudishwa. Hilo nilipaswa kulifikiri kabla. Kwenye jaribio la tano puto moja lilivuja na kidonge kikafa kwa chumvi, na kidogo kibebe na tundu la maiki la laptopu.

Gharama hadi leo, kwa atakayeiga: waya wa maiki 37,500, jeki na lehemu 3,500, betri za spika 4,000, nauli za bajaji, safari nne, 24,000, maputo 1,000, madafu ya furaha ya uongo 7,000. Vidonge, sponji na vibao havikuninunulisha. Jumla 77,000. Ukianza na waya sahihi, futi ya kuazima na ukatembea kwa baiskeli kama watu wa Tanga wenye akili, utatoka na 45,000 hivi.

Kwa jaribio lijalo nimetoa vile visahani vya shaba vinavyolia ndani ya saa za mezani mbovu, viwili. Vikibanwa hutoa umeme vyenyewe, na havihitaji hewa. Nimevizamisha kwenye nta ya mshumaa ndani ya vifuniko vya chupa, vinakauka dirishani. Mjomba ameahidi ngalawa kwa bamvua ya Septemba, tukafanye kwenye maji ya kina cha pima nne au tano (kama mita saba hadi tisa). Sharti lake ni kwamba sisi tutakaa na kompyuta, kugonga atagonga yeye.